Hedhi yangu huja inapotaka, na sasa naambiwa nina vivimbe kumi na tano

Shikamoo Mama Mkunga,

Nakuandikia kutoka Mtwara mjini, Chikongola, ingawa kwetu hasa ni Tandahimba. Nina miaka 28, ni fundi cherehani, nimeolewa mwaka wa nne huu na sijapata mtoto wala mimba ya kuharibika.

Tatizo langu ni la zamani ila sikujua kama ni tatizo. Tangu nivunje ungo hedhi yangu haijawahi kuwa na utaratibu. Inakaa miezi miwili, mitatu, mara nyingine minne. Nilipokuwa shule niliona ni bahati, wenzangu wanahangaika na pedi mimi nimetulia. Ramadhani iliyopita nilifunga mwezi mzima bila kukatisha, mashoga zangu wakasema nimebarikiwa maana wao wote walibaki na siku za kulipa. Ilipokuja kutoka, mama yangu, ilitoka siku kumi na mbili, mabonge, mpaka nikawa naona kizunguzungu nikiwa kwenye mashine.

Kuna mambo mengine naona aibu kuyasema. Ndevu zinaniota kidevuni. Naamka kabla ya mume wangu nazinyoa kwa wembe. Shingo imekuwa nyeusi na ngozi yake nene, kama mtu asiyeoga. Naisugua kwa dodoki na limau mpaka inawaka, jirani akaniuzia mkorogo, nao haukusaidia. Nilipoolewa nilikuwa na kilo 69, sasa nina 84, na sioni kama nakula kuliko watu wengine.

Nilikwenda kwenye kliniki moja ya binafsi wakanipiga ultrasaundi. Aliyenipima alisema nina vivimbe vingi kwenye mayai, upande wa kulia peke yake kumi na tano, akanikabidhi karatasi, basi. Kuna dada anauza dawa kwa WhatsApp, ya kusafisha kizazi na kuyeyusha vivimbe, shilingi 180,000. Nimemaliza dozi ya kwanza, nilichopata ni kuharisha. Sasa anataka ninunue ya pili. Mwingine ameniambia vivimbe hivyo hukatwa, nijiandae na operesheni kabla havijageuka kansa.

Nyumbani ndiko kuzito zaidi. Kwetu ukoo unahesabiwa kwa mama, na mimi ndiye binti mkubwa. Msimu wa korosho uliopita mjomba aliniuliza mbele za watu kama nataka ukoo uishie kwangu. Bibi yangu anasema ni sindano ya uzazi wa mpango imenichoma kizazi (ni kweli nilichoma mara mbili kabla ya kuolewa) na anataka nirudi Tandahimba kwa mganga. Mume wangu ni mpole, anafanya kazi bandarini, hajanitolea neno baya hata siku moja. Lakini nikimwambia twende tukapime wote anajibu kwamba mwenye vivimbe ni mimi.

Mama yangu ana kisukari, sijui kama inahusiana. Tena nina mdogo wangu wa miaka 14, alivunja ungo mwaka jana na hedhi yake nayo inarukaruka. Bibi ameshaanza kumpa mizizi ile anayonipa mimi. Je, huu ni ugonjwa wa ukoo? Na mimi nitazaa kweli?

Fundi wa Chikongola

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali uliloliweka mwisho kabisa. Uwezekano wa wewe kuzaa ni mkubwa. Siwezi kukuahidi mtoto, na anayekuahidi mtoto ndani ya chupa usimpe hela yako tena, lakini wanawake wengi wenye hali kama hii hushika mimba, baadhi bila dawa yoyote na wengine kwa vidonge vya siku chache chini ya uangalizi wa daktari. Hiyo 180,000 ya dozi ya pili iweke. Utaihitaji kwa vipimo vya kweli.

Unayoyaeleza yanafanana sana na hali inayoitwa PCOS, kifupi cha Kiingereza cha ovari zenye vijifuko vingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio kwenye umri wa kuzaa wanayo, na kwamba hadi asilimia 70 yao duniani hawajui. Ukikaa kwenye kikoba cha wanawake thelathini, watatu huenda wanayo, na mmojawapo pengine naye huamka alfajiri kunyoa kidevu akidhani yuko peke yake.

Kile alichokiona mpiga picha si uvimbe wa kukua ukapasuka, wala si ule uvimbe wa kwenye nyama ya kizazi ambao wanawake wetu wengi wanaujua. Ndani ya ovari, yaani viungo viwili vinavyotunza mayai ya uzazi, kila mwanamke ana vijifuko vidogo, na kila kimoja kimebeba yai changa. Katika mzunguko wa kawaida vinaanza kukua kadhaa, kimoja kinawatangulia wenzake, kinakomaa, kinapasuka na yai linatoka. Kwako vinaanza vingi, vinafika milimita chache, halafu vyote vinakwama pale pale. Yai halitoki, na lisipotoka hedhi nayo inakosa wa kuiita. Wewe umekulia kwenye mikorosho, kwa hiyo utanielewa: ubwiri unga ukiingia, mti unajaa maua ambayo hayashiki korosho, na hakuna mkulima wa Tandahimba anayepanda mtini kukata maua. Anapuliza salfa. Hivyo vijifuko kumi na tano ni maua yaliyokwama. Havihitaji kuyeyushwa wala kukatwa, na si kansa inayojiandaa.

Kinachovikwamisha, kwa wengi wetu, kinaanzia kwenye insulini. Hii ni homoni ya kongosho inayoingiza sukari ya damu ndani ya chembe za mwili. Mwili usipoisikia vizuri, kongosho hutoa nyingi zaidi ili isikike, na insulini hiyo ikizidi huisukuma ovari itengeneze androjeni kupita kiasi. Androjeni ni homoni ambazo kila mwanamke anazo kidogo na kila mwanaume anazo kwa wingi. Zikizidi kwa mwanamke, yai linashindwa kukomaa, ndevu zinaota, chunusi zinatoka, na wengine nywele za utosini zinapungua. Insulini hiyo hiyo ikizidi hurahisisha mwili kujilimbikizia mafuta, hasa tumboni, na huifanya ngozi ya shingo na kwapa iwe nene na nyeusi. Umeniandikia hedhi, ndevu, shingo na uzito kama mambo manne ya aibu. Nayaona ni jambo moja, na halihusiani na usafi wako wala uvivu wako. Weka dodoki chini. Mkorogo nao utupe leo hii, kwa sababu mingi ina zebaki, inayoharibu figo na kumdhuru mtoto aliye tumboni, nawe unamtafuta mtoto.

Kuhusu kukatwa, habari hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika juu ya wanawake wenye ovari za namna hii, wakawafanyia operesheni ya kukata kipande cha ovari, na baadhi yao wakarudi kuona hedhi na kushika mimba. Enzi hizo hapakuwa na vidonge. Operesheni ya ovari bado ipo, siku hizi kwa tundu dogo, lakini hufikiriwa pale dawa za kukomaza yai zinaposhindwa. Kwako hakuna aliyejaribu dawa hata moja. Mtu anayekuwahisha kwenye kisu kwa karatasi ile tu, mkimbie.

Na karatasi yenyewe isikutishe. Wataalamu waliokutana Rotterdam mwaka 2003 walikubaliana kwamba PCOS hutambuliwa kwa mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili za androjeni kuzidi (kama ndevu au kipimo cha damu), na ovari zenye vijifuko vingi kwenye picha. Wakati ule vijifuko 12 vilitosha. Mashine zimekuwa kali zaidi, zinaona hata vidogo sana, ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa 2023 unataka 20 au zaidi katika ovari moja, au ovari iliyozidi ukubwa. Kwa hiyo kumi na tano za upande wako wa kulia peke yake hazitoshi kwa kipimo cha sasa. Lakini hedhi ya kila baada ya miezi mitatu na ndevu za kidevuni tayari ni mambo mawili, na mwenye hayo mawili hahitaji hata picha. Anachohitaji ni daktari wa kuhakikisha hakuna ugonjwa mwingine unaojifanya huu. Kwanza wapime mimba, hata kama unaona haiwezekani. Kisha tezi ya thairoidi na homoni ya prolaktini, kwa maana zote mbili huvuruga hedhi. Mwambie kama chuchu zako zimewahi kutoa maziwa. Baada ya zile siku kumi na mbili za kumwaga damu, mwombe apime na wingi wa damu.

Sasa nisikilize kwa makini hapa, kwa kuwa ndipo ninapoona watu wengi wanapita haraka. Wote wanazungumza habari ya mtoto, na kizazi chenyewe kinasahauliwa.

Hedhi kukaa miezi minne si mapumziko. Ukuta wa ndani wa kizazi unajengwa na homoni ya estrojeni. Yai likitoka, huja projesteroni, ambayo huutuliza ukuta ule na kuuandaa. Mimba isipoingia, projesteroni inashuka na ukuta unabomoka, ndiyo damu ya mwezi. Kwako yai halitoki, projesteroni haiji, estrojeni inaendelea kujenga juu ya ukuta wa zamani mwezi hadi mwezi, mpaka siku unapobomoka wenyewe bila utaratibu kwa mabonge uliyoyaona. Ukuta unaojengwa hivyo kwa miaka mingi bila kubomolewa ndio unaoweza kubadilika vibaya na hatimaye kuleta saratani ya kizazi chenyewe, ndani. Hiyo ndiyo hatari ya kweli ya saratani katika hali hii, nayo huzuilika kwa jambo dogo. Usiruhusu hedhi ipite siku 90. Ikifika hapo, na kipimo kikaonyesha huna mimba, daktari atakupa vidonge vya projesteroni vya siku kama 10 hadi 14. Ukivimaliza, ndani ya siku chache hedhi hutoka. Andika tarehe kwenye daftari lile lile unaloandikia vipimo vya wateja wako. Na siku damu itakapojaza pedi kila saa, au ukaona kizunguzungu tena, usisubiri kuche, nenda hospitali.

Kwa dada zangu wanaosoma wakiwa na hali hii lakini hawatafuti mtoto kwa sasa, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili hufanya kazi hiyo vizuri, na baada ya miezi kama sita hupunguza chunusi na ndevu pia. Mwenye presha ya juu, aliyewahi kuganda damu mguuni, au mwenye kipandauso cha kuona vimulimuli, asivimeze kabla ya kuongea na daktari. Mpo mnaoviogopa kwa kusikia kwamba huleta PCOS. Havileti.

Hapo nimemfikia bibi yako. Sindano ile ya miezi mitatu inaweza kweli kuchelewesha uzazi kurudi, kwa wengine hata karibu mwaka mzima baada ya kuchoma ya mwisho, na wanawake wakiona hivyo wanasema kizazi kimechomwa. Lakini wewe uliichoma kabla ya ndoa, na ndoa ina mwaka wa nne. Tena umeandika mwenyewe kwamba hedhi iliruka tangu ulipovunja ungo. Sindano ilikukuta na hali yako. Mwambie bibi hivyo kwa upole, kwa mpangilio wa miaka, maana hao wazee wetu wanakumbuka miaka vizuri kuliko sisi. Bibi hana nia mbaya. Anaogopa, na dawa anayoijua ndiyo hiyo. Ukienda hospitali nenda naye au na mama yako, asikie daktari akisema mayai yapo na kizazi kipo. Neno hilo likitoka kwa daktari mbele yake, safari ya kwa mganga itapungua nguvu bila wewe kumvunjia heshima.

Mama yako kuwa na kisukari inahusiana, na sana. Hali hii hutembea katika familia, pamoja na ndugu yake kisukari cha ukubwani. Mwenye PCOS yuko kwenye hatari kubwa ya kisukari hicho kuliko wanawake wa umri wake, hata akiwa mwembamba, na wembamba wenye PCOS wapo. Kipimo kinachoona mapema zaidi ni kile cha kunywa glukosi gramu 75 ukiwa hujala tangu usiku, kisha kupimwa damu baada ya saa mbili. Pasipowezekana, hata sukari ya asubuhi kabla ya kula ni mwanzo mzuri. Kirudiwe kila mwaka mmoja hadi mitatu, na presha upimwe kila mwaka. Mimi ningekuwa mjomba mwenye uchungu na ukoo wa mama, msimu huu korosho zikishauzwa ningelipia vipimo hivi kwa mabinti wote wa nyumba ile. Mfikishieni neno hili kupitia kwa mama yako, akiwa peke yake, si mbele za watu kama yeye alivyofanya.

Uzito nausema kwa tahadhari, kwa maana najua umeshasemwa vya kutosha. Mwili wako unapambana na insulini iliyozidi. Kunenepa kwako si kukosa adabu mezani. Lakini habari njema ni kwamba huhitaji kurudi kilo 69. Kupungua asilimia 5 hadi 10, yaani kilo 4 hadi 8 kwako, mara nyingi kunatosha hedhi ianze kurudi na dawa za kukomaza yai zifanye kazi vizuri. Hakuna chakula maalumu cha PCOS kilichothibitishwa kushinda vingine, kwa hiyo wanaokuuzia unga wao na chai zao usiwasikilize. Anza na vya kunywa: sukari ya kwenye chai, soda, juisi za dukani. Kifungua kinywa cha chai na vitumbua vitatu hukuacha na njaa saa nne, ukiwa mashineni hujaamka kitini. Kipande cha samaki na mbaazi kitakufikisha mchana. Inaniuma kwamba Mtwara na Lindi tunalima mbaazi nyingi tukaziuza zisafiri hadi India, huku watoto wetu wakila ugali wa muhogo kwa mchuzi mwepesi. Ugali usiuache, upunguze nusu, na nafasi yake ijae kisamvu, mlenda, kunde, dagaa, pweza akipatikana. Ming'oko na mihogo ya kuchemsha ni wanga vilevile, usile juu ya ugali ukidhani ni mboga. Korosho ni nzuri, ila ngumi moja, si kilo ya wakati wa mazungumzo.

Kazi yako ni ya kukaa, hilo ndilo linalonisumbua zaidi ya sahani yako. Mwili unaotembea huisikia insulini vizuri hata kabla ya mizani kushuka. Lengo ni dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa ya mwendo wa haraka siku tano. Kutoka Chikongola hadi ufukwe wa Shangani jioni ni matembezi mazuri, na mkienda wawili na mume wako hakuna atakayeuliza mnakimbilia wapi.

Kwa Ramadhani, unaweza kufunga. Ukipewa metformini mwambie daktari mapema, dozi huhamishiwa kwenye futari na daku. Na futari isiwe kaimati, tambi za sukari na magimbi kwa mkupuo mmoja.

Metformini ndiyo dawa ya kuusaidia mwili uisikie insulini, ile ile inayotumiwa na wagonjwa wa kisukari, pengine hata mama yako anayo nyumbani. Usichukue yake. Figo hutazamwa kwanza, na huanzwa kidogo, mara nyingi miligramu 500 pamoja na chakula, kisha inapandishwa taratibu kwa maana huvuruga tumbo wiki za mwanzo. Kwa baadhi huirudisha hedhi yenyewe.

Kwa kutafuta mimba, dawa inayopewa kipaumbele sasa ni letrozoli, inayomezwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko. Ukisoma kikaratasi chake utaona imeandikwa ya saratani ya matiti. Usishtuke, ndiko ilikoanzia. Kabla yake ilitumika zaidi klomifeni, ambayo bado ipo. Mwaka 2014 Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 750 wenye PCOS, nusu wakipewa hii na nusu ile kwa mizunguko isiyozidi mitano: waliojifungua watoto hai walikuwa asilimia 27.5 kwa letrozoli na 19.1 kwa klomifeni. Dawa hizi huweza kuleta mapacha, na hazimezwi kabla ya kuhakikisha huna mimba. Usizinunue dukani kwa kuelekezwa na rafiki.

Na hazipewi kabla mume hajapimwa. Mwambie kwa sauti ya kawaida, usiku mkiwa mmetulia: kati ya wanandoa wanaochelewa kupata mtoto, karibu nusu huwa kuna shida upande wa mwanaume, peke yake au pamoja na ya mke. Kipimo chake ni rahisi kuliko chako chochote, hakina sindano. Anakaa siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa, anatoa mbegu, zinatazamwa. Si sawa wewe umeze dawa miezi sita ndipo ijulikane mbegu hazikuwepo. Daktari akiona inafaa, mirija yako nayo itapigwa picha ya eksirei. Mkisubiri hayo yote, kutaneni kila baada ya siku mbili tatu bila kuhesabu siku za hatari kwa programu ya simu. Kwa hedhi kama yako hesabu zile hukosea.

Mume wako mwambie na habari ya ndevu. Mtu aliyekaa miaka minne bila kukutamkia neno baya anastahili kujua kwa nini mkewe anaamka gizani. Kuzinyoa hakuzifanyi ziwe nene, huo ni uvumi, endelea tu kunyoa au kutoa kwa uzi. Na kama huzuni inakukalia siku nyingi mfululizo, usingizi umekimbia, kazi haikupendezi tena, liseme hilo kliniki pamoja na mengine. Sonona na wasiwasi huwapata wenye PCOS zaidi ya wengine, na hutibika.

Uko karibu na Hospitali ya Ligula, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ipo hapo Mitengo. Walioko Lindi wana Sokoine, wa upande wa Masasi wana Ndanda, na Nyangao iko njiani. Popote utakapokwenda uliza siku ya daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, nenda na karatasi yako ya picha na tarehe za hedhi zote unazozikumbuka. Mimba ikiingia, anza kliniki mapema na uwaambie kwamba una PCOS, kwa sababu sukari na presha ya ujauzito huwapata zaidi wenye hali hii na hupimwa mapema.

Amebaki mdogo wako. Binti aliyevunja ungo mwaka jana hedhi yake kurukaruka ni kawaida kabisa. Mwili bado unajifunza. Kuanzia mwaka wa pili hadi wa tatu, mzunguko wa siku 21 hadi 45 bado ni sawa. Asipigwe ultrasaundi ya kutafuta PCOS, kwani ovari za umri wake zina vijifuko vingi kwa asili na picha itawatisha bure. Wataalamu wanashauri isitumike kwa hilo mpaka ipite miaka minane tangu avunje ungo. Mpeleke kwa daktari ikiwa hedhi itapita siku 90, au akiota ndevu na chunusi nzito, au shingo ikianza kuwa kama yako. Mizizi ya bibi aiache kuanzia leo. Hakuna anayejua kiasi kilichomo, na mtoto huyo haumwi.